Mdahalo wa wagombea unafanyika chuoni na unataka kwenda? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeshasimama mlangoni kama mtu wa kujitolea kwenye midahalo ya wagombea iliyofanyika vyuoni, mingine nimekaa kwenye viti kama msikilizaji wa kawaida tu, na kila mara maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Nimeyaweka hapa yote na majibu yake. Kwa kweli nataka watu waende, maana mdahalo ukiuona kwenye skrini na ukiuona umekaa mita ishirini kutoka jukwaani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mi sio mwanafunzi, nitaruhusiwa kuingia?

Inategemea nani kaandaa na wagombea wa ngazi gani. Mdahalo wa wagombea wa ngazi za chini, wale wa kata au jimbo, mara nyingi mlango uko wazi kwa yeyote, unajiandikisha tu au hata unafika na kukaa. Mdahalo wa urais ni habari nyingine. Marekani kwa mfano, kuanzia 1988 mpaka 2020 midahalo ya urais ilisimamiwa na Tume ya Midahalo ya Urais, na tiketi hazikuuzwa kwa umma hata moja, ziligawanywa kati ya tume yenyewe, timu za wagombea na chuo mwenyeji, alafu chuo kikachezesha bahati nasibu kwa wanafunzi wake. Yaani kuna mwanafunzi analala mabweni yanayotazamana na ukumbi kabisa na bado anaishia kuangalia kwenye skrini kubwa uwanjani pamoja na wenzake.

Kwahiyo kitu cha kwanza soma tangazo la chuo lenyewe, sio lile lililosambazwa kwenye magrupu, na uangalie maneno mawili: nani anaruhusiwa, na mwisho wa kujiandikisha ni lini. Hiyo tarehe ya mwisho ndo inayowaangusha wengi.

Nina tiketi mkononi, kwahiyo kiti changu kipo, si ndio?

Hapana, na hili naomba ulielewe mapema. Waandaaji wengi wa midahalo ya bure wanatoa tiketi nyingi kuliko viti kwasababu wanajua kuna watu watajiandikisha na hawatatokea. Siku hiyo wakitokea wote, aliyechelewa anabaki nje na tiketi yake. Mimi ilishanikuta, nilifika nusu saa kabla, tiketi ninayo, jina langu lipo kwenye orodha, na mlango ukafungwa watu kama kumi mbele yangu. Niliumia sana maana nilikuwa nimeandaa swali wiki nzima. Tangu siku hiyo nafika masaa mawili kabla na sijawahi kujuta.

Na usisahau kwamba kama mdahalo unarushwa laivu mlango unafungwa kabla ya muda wa kuanza uliotangazwa, na ukishafungwa haufunguliwi kwa mtu, hata awe nani.

Nibebe nini na nini nikiache nyumbani?

Kitambulisho chenye jina lilelile ulilojiandikisha nalo. Sweta, maana kumbi hizi zinapoozwa sana kwa ajili ya taa za jukwaani, wagombea wanasimama chini ya taa kali masaa na hakuna anayetaka mgombea wake aonekane anatoka jasho, sasa baridi yote hiyo inakuishia wewe uliyekaa kwenye kiti. Daftari dogo na kalamu.

Vya kuacha: begi kubwa, mwavuli mrefu, chupa, bango, filimbi, na kitu chochote chenye ncha. Midahalo mingi inakataza pia fulana na kofia zenye picha au rangi za mgombea, usibishane na walinzi kwenye hili, wenyewe wamepewa orodha na hawana mamlaka ya kuibadilisha.

Simu je?

Kwenye midahalo midogo unaizima sauti tu. Kwenye mikubwa unaambiwa uizime kabisa, na kuna sehemu unaiacha mlangoni. Mi naona ni jambo zuri, mtu aliyeshika simu anarekodi sekunde thelathini za kijembe alafu anakosa dakika mbili za maana zilizofuata.

Mbona vyuo? Kwanini wasifanyie studio tu?

Wanafanyia studio pia. Mdahalo wa Kennedy na Nixon wa tarehe 26 Septemba 1960, ule wa kwanza wa urais wa Marekani kurushwa kwenye televisheni, ulifanyika studio mjini Chicago bila wasikilizaji wowote ukumbini. Ila vyuo vina historia ndefu kuliko televisheni yenyewe. Mwaka 1858 Abraham Lincoln na Stephen Douglas walikuwa wanagombea kiti cha Illinois kwenye Seneti ya Marekani na wakafanya midahalo saba, wa tano ulikuwa Knox College, Galesburg, tarehe 7 Oktoba. Jukwaa lilijengwa ukutani kwa jengo kuu la chuo, kulifikia ilibidi wapite ndani ya jengo na kutokea dirishani, na inasimuliwa kwamba Lincoln, ambaye shule aliyosoma ilikuwa kidogo sana, akasema sasa hatimaye na yeye amepitia chuoni. Jengo lile lipo mpaka leo. Na fikiria muundo wao: wa kwanza anaongea saa nzima, wa pili anajibu saa moja na nusu, wa kwanza anarudi nusu saa. Masaa matatu, watu wamesimama nje! Sisi leo tunalalamika dakika tisini ni nyingi.

Sababu za sasa ni za kawaida tu, chuo kina ukumbi mkubwa, kina sehemu ya kuegesha magari, kina vyumba vya kuwaweka mamia ya wanahabari, na kina wanafunzi wa kujitolea. Alafu kuna sababu ambayo mimi naipenda zaidi, chuo sio nyumbani kwa chama chochote. Mtu wa chama hiki na mtu wa chama kile wanaweza kukaa kiti kwa kiti bila mmoja kujiona mgeni.

Naweza kuuliza swali?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Kwanza angalia muundo. Kuna midahalo ambayo maswali yote yanatoka kwa mwendeshaji, wewe kazi yako ni kusikiliza. Kuna ambayo unaandika swali kwenye karatasi au unalituma kabla alafu wanachagua. Na kuna ile ya wananchi kuuliza wenyewe kwa maiki. Kwenye urais wa Marekani huo muundo wa wananchi kuuliza uliingia 1992, University of Richmond, tarehe 15 Oktoba, kina George H. W. Bush, Bill Clinton na Ross Perot wakiwa wamezungukwa na wapigakura ambao walikuwa hawajaamua. Mama mmoja akasimama akawauliza deni la taifa limewagusa vipi wao wenyewe, kwenye maisha yao, na kama halijawagusa watawezaje kutatua shida za watu wa kawaida. Bush akaanza kwa kujibu mambo ya riba, akakwama, akasema hajalielewa vizuri. Clinton akasogea mpaka karibu na yule mama, akamwangalia, akamuuliza yeye limemgusaje. Watu wanalizungumzia tukio lile mpaka leo, na sikiliza, swali lenyewe halikuwa na takwimu hata moja wala halikumshambulia mtu, ila lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, lazima useme kitu kuhusu wewe mwenyewe.

Sasa swali lako lifanye hivyo. Watu wengi wanasimama na maiki wanaanza kuhutubia, dakika moja inaisha hawajafika kwenye swali, mwendeshaji anawakatiza, wanakaa na hasira. Mgombea anashukuru moyoni maana hotuba haijibiwi. Swali zuri ni sentensi mbili. Ya kwanza inasema hali ilivyo, ya pili inauliza kitu kinachojibika kwa ndiyo, hapana, lini, au kiasi gani. Usiulize "una mpango gani na elimu", hapo umemfungulia geti na ataongea chochote anachotaka. Uliza "mkopo wa mwanafunzi unachelewa miezi miwili. Ofisi yako itaanza kuutoa kwa wakati lini". Hapo hata akila kona ukumbi mzima unaona amekula kona.

Liandike. Lisome kwa sauti nyumbani mara tatu. Ukishika maiki moyo unaenda mbio na maneno yanapotea, nimeona watu wazima, wasomi, wanasahau walichotaka kuuliza kwasababu taa imewamulika usoni ghafla.

Na usiulize maswali mawili kwa mpigo. Atajibu lile rahisi.

Nikichaguliwa kuuliza, naruhusiwa kumjibu mgombea akinidanganya?

Kwa kawaida hapana, maiki inachukuliwa ukimaliza swali. Kumbana mgombea ni kazi ya mwendeshaji. Unachoweza kufanya ni kubaki umesimama ukimwangalia mpaka amalize kujibu, kama utaratibu unaruhusu. Inafanya kazi kuliko unavyodhani, ni ngumu sana kupiga porojo ukiwa umeangaliwa machoni na mtu aliyeuliza.

Kwanini tunakatazwa kupiga makofi? Mi nikifurahi nitafanyaje?

Utatulia. Najua ni ngumu. Sababu ni mbili: makofi yanakula muda wa kujibu, saa haisimami kwa ajili yenu, na pia yanamfundisha anayeangalia nyumbani nani kashinda kabla hajafikiri mwenyewe. Ukumbi uliojazwa na mashabiki wa upande mmoja unaweza kumfanya mtu aliyejibu ovyo aonekane ameua. Huko Marekani kwa miaka mingi wasikilizaji walikuwa wanaombwa kabla ya kurusha laivu wakae kimya mwanzo mpaka mwisho, makofi mara mbili tu, wagombea wakiingia na wakimaliza, na mwaka 2024 wakaenda mbali zaidi, mdahalo wa CNN wa tarehe 27 Juni kule Atlanta na ule wa ABC wa tarehe 10 Septemba kule Philadelphia yote miwili haikuwa na wasikilizaji kabisa.

Mi hilo la kuondoa watu sikulipenda hata kidogo. Mgombea anatakiwa aongee na watu, aone nyuso. Lakini naelewa kilichowafikisha huko, ni sisi wenyewe kushindwa kukaa kimya. Kwahiyo kila ukitaka kupiga kelele kumbuka unawapa sababu ya kufunga mlango mwaka mwingine.

Ntaona nini ukumbini ambacho kwenye TV sitakiona?

Mengi, maana kamera inamwonyesha anayeongea, na wewe unaweza kumwangalia anayesikiliza. Hiyo ndo siri yote, muangalie anayesikiliza. Mdahalo mmoja nilikaa upande wa kushoto, mgombea wa karibu yangu kila mwenzake alipoongea alikuwa anaandika, na nikaona anakandamiza kalamu mpaka karatasi inajikunja, uso unatabasamu lakini mkono umekaza. Zamu yake ilipofika hakuiangalia ile karatasi hata mara moja. Yule mwingine yeye alikuwa haandiki chochote, anaangalia tu saa ya muda iliyoko chini ya jukwaa, na kweli majibu yake yote yalikuwa yanaishia palepale sekunde zinapoisha, kama mtu aliyekariri. Nyumbani hakuna aliyeona hayo.

Angalia pia wakati wa mapumziko ya matangazo kama yapo. Nani anashuka kwa washauri wake, nani anabaki peke yake, nani anamsalimia mwenzake.

Mgombea asipotokea je? Mdahalo unafutwa?

Sio lazima, kuna waandaaji wanaoendelea na aliyepo. Mfano mzuri ni Kenya. Tarehe 24 Julai 2017 mdahalo wa urais uliandaliwa Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, Uhuru Kenyatta hakutokea na Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Miaka mitano baadaye, tarehe 26 Julai 2022, chuo kilekile, safari hii Raila ndo hakwenda na William Ruto akasimama peke yake. Chuo ni kimoja, na mtu aliyeachiwa jukwaa mara ya kwanza ndiye aliyeliacha mara ya pili.

Kwa msikilizaji inauma maana hakuna wa kumpinga aliyepo, ila usiondoke. Mgombea akiwa peke yake mwendeshaji ana muda wa kuuliza swali la pili na la tatu juu ya jambo moja, na hapo ndo unajua kama mtu anazielewa sera zake au amezikariri tu.

Mdahalo wenyewe unaweza kuhamishwa au kufutwa?

Ndiyo, na inatokea. Mwaka 2020 kule Marekani University of Notre Dame na University of Michigan zilijitoa kuwa wenyeji kwasababu ya korona, midahalo ikapangiwa sehemu nyingine. Mwaka 2024 vyuo vinne vilikuwa vimeshachaguliwa, kimojawapo Virginia State University ambacho kingekuwa chuo cha kwanza cha kihistoria cha watu weusi kupokea mdahalo wa urais wa uchaguzi mkuu, wagombea wakakubaliana kufanyia kwenye vituo vya televisheni bila vyuo na midahalo yote minne ikafa. Nawaza wale wanafunzi walivyokuwa wamejiandaa. Kwahiyo kama unasafiri, nauli yako iwe ya kurudishika, na siku hiyo asubuhi angalia tena ukurasa wa chuo kabla hujatoka.

Mbona wagombea wengine hawaalikwi, wakati majina yao yatakuwepo kwenye karatasi ya kura?

Waandaaji wanaweka kigezo, mara nyingi asilimia fulani kwenye kura za maoni. Tume ile ya Marekani kuanzia mwaka 2000 ilitaka wastani wa 15% kwenye kura tano za kitaifa. Kuna wanaosema bila kigezo utakuwa na watu kumi na tano jukwaani kila mmoja ana dakika tatu, na kuna wanaosema mtu hawezi kufika hiyo asilimia kama hamumpi nafasi ya kusikika. Wote wana hoja, ila mimi naegemea kwa hao wa pili, hasa kwenye midahalo ya vyuoni ambako muda upo na gharama sio kubwa. Kama mwandaaji ameweka kigezo, basi akitangaze mapema na kiwe kilekile kwa kila mtu. Kinachokera ni kigezo kinachozaliwa baada ya majina kujulikana.

Nikitaka kuandamana nje?

Vyuo vingi vinatenga eneo la maandamano, mbali kidogo na mlango wa ukumbi. Ulizia liko wapi na saa ngapi linafungwa. Usijaribu kuvuka uzio wa usalama hata kama unaona una haki, mwaka 2012 kule Marekani, nje ya Hofstra University, mgombea urais mwenyewe wa chama cha Green, Jill Stein, alikamatwa na mgombea mwenza wake walipojaribu kuingia eneo la mdahalo.

Naweza kujitolea? Kazi zenyewe ni zipi?

Jitolee, hasa kama ni mwanafunzi wa chuo hicho. Kuelekeza watu, kukagua tiketi, kusindikiza wanahabari, kubeba nyaya. Kuna kazi moja nzuri sana ambayo watu hawaijui, siku moja au mbili kabla wanatafutwa watu wa kusimama mahali pa wagombea ili mafundi wapime taa, sauti na kamera, unasimama kwenye podiamu ileile, maiki ileile, unaulizwa maswali ya majaribio. Kule Marekani wanafunzi wa chuo mwenyeji ndo wamekuwa wakifanya hivyo.

Ila ujue kabisa, mtu wa kujitolea anaweza asiuone mdahalo wenyewe. Mara mbili nimeusikia kupitia mlango uliofungwa.

Mitambo ikizima katikati?

Unakaa kwenye kiti. Tarehe 23 Septemba 1976, Philadelphia, kwenye mdahalo wa Gerald Ford na Jimmy Carter, sauti ilikatika na ikachukua dakika 27 kurudi, na wote wawili wakabaki wamesimama jukwaani kila mmoja nyuma ya podiamu yake. Ukiondoka hutarudishwa ndani.

Kuzima maiki ya mgombea ni haki kweli?

Kama kanuni ilitangazwa kabla na inawahusu wote, ndiyo. Tarehe 22 Oktoba 2020 pale Belmont University, Nashville, kwenye mdahalo wa urais wa Marekani, maiki ya mmoja ilizimwa wakati mwenzake anatumia dakika mbili za kwanza za kila mada, baada ya mdahalo wa kwanza wa mwaka ule kujaa kukatizana. Ulisikika vizuri zaidi. Ila wewe uliyeko karibu na jukwaa unaweza kumsikia hata aliyezimiwa, nyumbani hawamsikii.

Nimeshaamua nani nitampigia, bado kuna faida ya kwenda?

Ipo. Nenda umsikilize huyo uliyemchagua kwa ukali kuliko unavyomsikiliza mpinzani wake. Chora mistari miwili kwenye daftari upate safu tatu: swali, alichojibu, alichokwepa. Ukirudi nyumbani utaona safu ya tatu ya mtu wako sio tupu, na hayo ndo ya kumuuliza akishapata kura yako.

Baada ya mdahalo kuna nini?

Kuna chumba cha wanahabari ambako wapambe wa kila upande wanaenda kuwaambia waandishi kwamba wao ndo wameshinda, wewe huruhusiwi kuingia na hupotezi kitu. Ukumbini mgombea mmoja mmoja huwa anabaki kusalimia watu, dakika tano au kumi, walinzi wakiruhusu. Kama swali lako halikuchaguliwa hiyo ndo nafasi. Usikimbilie picha. Sogea upande wa ngazi za jukwaani, mpe mkono, uliza lile swali lako la sentensi mbili, alafu jibu lake uliandike hapohapo kabla hujatoka mlangoni.